Gitaa la umeme la bei nafuu: lipi linafaa sebene, benga, kwaya, reggae na rock?

NyuziSita (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Swali hapa huwa lile lile: "Nina laki nane, ninunue gitaa gani la umeme?" Majibu yanakuja majina matupu: Yamaha, Squier, Ibanez, Epiphone. Jina peke yake halimfikishi mtu popote. Ibanez wanatengeneza gitaa la bei ya chini la kupigia metali na jingine la kupigia chochote. Yakitundikwa ukutani yanakaribia kufanana, tofauti unaisikia ukishachomeka kebo.

Mimi naanza na maswali matatu, kwa mpangilio huu: pikapu zake (koili za sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) ni zipi, daraja lake (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili) ni la aina gani, na skeli yake ina urefu gani, yaani uzi kutoka darajani hadi nati, kile kipande chenye mifereji upande wa kichwa. Rangi na umbo baadaye.

Pikapu ya koili moja hutoa sauti nyembamba inayong'aa, na kila noti inasikika peke yake hata mkono ukienda mbio. Ndiyo sauti ya sebene, benga, rithimu ya zilipendwa na reggae. Ubaya wake inanasa muungurumo wa umeme. Hambaka ni koili mbili zilizopangwa kinyume, kwenye sumaku na kwenye waya, kwa hiyo muungurumo wa moja unafutwa na wa mwenzake. Sauti inanenepa, inakuwa kubwa, na makali ya juu yanapungua. Kwa rock, metali, jazi, na solo ndefu za kulia kwenye nyimbo za kuabudu, hiyo ndiyo yake. Ukiipeleka kwenye sebene safi, hasa hambaka ya bei rahisi, noti zinagandana. Ule mchezo wa kupasua akodi noti moja moja unageuka tope.

Anayepiga kila kitu atafute mpangilio wa HSS: hambaka moja kwenye daraja, koili moja katikati, koili moja shingoni, na swichi ya hatua tano. Yamaha Pacifica 112V ndiyo mfano ninaoupendekeza mara nyingi. Mwili wa mbao ya alder, skeli milimita 648, freti (vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole) 22, na kitasa cha toni ukikivuta juu kinazima koili moja ya hambaka. Pacifica 012 ni mdogo wake: HSS pia, mwili wa agathis, haina huo mgawanyo wa koili. Kwa anayeanza, 012 iliyosetiwa vizuri inashinda 112V iliyotoka dukani na nyuzi zilizokaa juu.

Daraja: kama huna kazi maalumu na mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha sauti, chukua lisilochezacheza. Na kwenye bei ya chini kimbia kabisa tremolo ya kuelea yenye kufuli kwenye nati, ule mtindo wa Floyd Rose. Chuma chake ni laini, zile ncha mbili linapopumulia zinaliwa, na likishaliwa gitaa halirudi kwenye tyuni. Uzi mmoja ukikatika katikati ya ibada, mitano iliyobaki yote inapanda, kwa sababu springi za nyuma zinavuta bila mpinzani.

Skeli: pima kutoka nati hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Milimita 324 maana yake 648, kama Squier, Yamaha na Ibanez nyingi. Ukipata 314 ni 628, kama Epiphone Les Paul. Fupi huwa na nyuzi laini kidogo chini ya kidole, ndefu ina mlio wa kukaza na makali zaidi.

---

KisumuSolo

NyuziSita, kwenye benga sikubaliani na HSS. Ule mgawanyo wa koili unaousifia hushusha sauti ghafla pale unapovuta kitasa, na koili iliyobaki ni nusu ya hambaka, haijazungushwa ili isimame peke yake. Sauti inatoka hafifu. Ukiwa jukwaani na besi la benga, ambalo nalo linakimbia, solo inamezwa.

Kwa benga chukua gitaa la umbo la Telecaster. Pikapu mbili za koili moja, swichi ya hatua tatu, volyumu moja, toni moja, daraja lililofungwa kwenye mbao kwa skrubu. Fender walilileta sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mpaka leo halina kitu cha ziada cha kuharibika. Squier Sonic Telecaster ni ya bei ya chini, Affinity inafuata. Pikapu ya nyuma ina ukali unaohitajika: solo ya benga imebeba mwendo wa nyatiti (kinubi cha Waluo), noti fupi fupi zinazojibu sauti ya mwimbaji, na kila noti lazima isikike inaanza wapi na inaishia wapi.

Namna ya kuiseti: swichi nyuma kabisa, toni karibu 7 kati ya 10 ili isitoboe masikio, na kwenye ampu punguza besi hadi 3 au 4. Besi ya gitaa la solo inagombana bure na gitaa la besi. Distoshoni (ile sauti ya kupasuka) hapana. Nyuzi za unene wa inchi 0.009 hadi 0.042 zinatosha kama unapiga kwa vidole au pleki nyembamba. Ukipiga kwa nguvu panda hadi 0.010, la sivyo uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, unapanda tyuni kila unapoukwangua.

Angalizo moja: Sonic zina freti 21. Kwenye uzi wa kwanza noti ya mwisho ni C#. Anayependa kupanda juu kabisa kwenye ki ya D atakosa ile D ya freti ya 22, itabidi avute uzi.

---

NyuziSita

KisumuSolo, hilo la sauti kushuka ni kweli, na kwa benga tupu Tele ni jibu zuri. Lakini vijana wengi wanaouliza hapa wanapiga kwaya Jumapili na bendi ya harusi Jumamosi. Kwao nasema hivi: kwenye HSS msitegemee kugawa koili. Tumieni hatua ya swichi inayounganisha pikapu ya kati na ya shingoni kwa rithimu, na ya kati peke yake kwa solo ya sebene. Zote hizo ni koili moja halisi. Hambaka ya nyuma iacheni kwa solo za kulia.

---

LubumbashiMi

Wandugu, mmeongea solo na rithimu mkaruka katikati. Rumba ya Kongo ina mi-solo, gitaa linalosimama kati ya hizo mbili, linarudia kifungu kimoja kinachozunguka huku solo ikitembea. Gitaa la mi-solo lisifanane sauti na la solo. Solo ikitumia pikapu ya nyuma, mi-solo akae shingoni au kati pamoja na shingoni. Bendi nyingi ndogo hapa ndipo zinapokosea: magitaa matatu, yote yamewekwa makali ya juu, yanasikika kama moja lililochanganyikiwa.

Kuna pia mi-composé, ambayo haihitaji gitaa jipya. Uzi wa nne unatolewa, mahali pake unawekwa uzi mwembamba usiosokotwa, unatyuniwa D ya oktava ya juu. Mikono inabaki kwenye akodi zile zile lakini zinatoka na king'ora juu. Zingatieni haya:

Msitumie uzi wa 0.009, unalegea. 0.011 kwenye skeli ya 648 ukivutwa hadi hiyo D unabeba kama kilo 7, karibu sawa na jirani yake wa tatu. Uzi huo mnao tayari: ndio wa pili kwenye seti ya 0.009 hadi 0.042, kwa hiyo seti moja ya ziada inawapa akiba.

Mfereji wa nati umekatwa kwa uzi mnene wa 0.024 au 0.026. Uzi mwembamba ukikaa humo unacheza kushoto na kulia na kutoa mlio kama wa sitari, kile chombo cha Kihindi. Dawa ni kuujaza mfereji kwa bikaboneti ya soda, tone la supa gluu juu yake, inaganda papo hapo, kisha unakata mfereji mpya mwembamba. Msimwage gluu bila kuziba ubao wa vidole kwa utepe wa karatasi. Anayetaka kurudi kwenye tyuni ya kawaida siku moja anunue nati ya pili, hii aiache ilivyo.

Na oktava (usahihi wa noti ya freti ya 12) itahama. Kikalio cha uzi huo kwenye daraja kinasogezwa mbele kidogo, kuelekea shingo.

---

FundiFreti (Arusha)

Naleta ukaguzi wa dukani, maana gitaa zuri kwenye karatasi linaweza kuwa kuni mkononi. Nendeni na kebo yenu, tyuna (programu ya simu inatosha), rula ya milimita na bisibisi ndogo. Muuzaji asiyeruhusu kuchomeka kwenye ampu, muageni.

Anza na shingo. Tyuni kwanza, shingo haikaguliwi nyuzi zikiwa zimelegea, kwa sababu umbo lake linategemea mvuto. Bonyeza uzi wa sita freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi huo sasa ni rula iliyonyooka. Angalia freti ya 7: panatakiwa uwazi wa milimita 0.2 hadi 0.3 kati ya uzi na freti. Uzi ukilala juu ya freti zote, shingo imepinda kinyumenyume. Uwazi ukifika milimita 1, shingo imevutwa mbele sana. Vyote viwili vinarekebishika kama trasi, ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, bado inafanya kazi. Omba muuzaji azungushe robo mzunguko mbele yako. Nati ya trasi ikizunguka bila kushika, au ikiwa imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, liache hapo hapo hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Kisha lishike gitaa kama unalenga shabaha, jicho upande wa mwili, tazama kuelekea kichwani. Mstari wa nati na mstari wa freti ya mwisho vilale sambamba. Kimoja kikiinama, shingo imejisokota, na hilo trasi haiwezi.

Piga kila uzi kwenye kila freti. Kazi ya dakika kumi, usiione aibu. Mlio wa kukwaruza mahali pamoja tu unamaanisha freti inayofuata imenyanyuka. Ukikwaruza kila mahali ni seti tu, hiyo unarekebisha nyumbani. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo, vichwa vya freti visichane. Vikichana, mbao zimekauka na kusinyaa wakati chuma hakisinyai. Magitaa yaliyokaa pwani yakapandishwa Dodoma au huku kwetu hupata hili sana. Faili laini na msasa namba 600 vinamaliza, huku ubao umezibwa kwa utepe.

Mtumba: angalia freti 1 hadi 3 chini ya nyuzi mbili za kwanza. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa kung'arisha. Vikiwa vimekula karibu nusu ya kimo cha freti, unahitaji freti mpya zote, na kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Uzi wa kwanza ukiteleza nje ya ubao ukifika freti ya 12 kwenda juu, mara nyingi shingo imekaa upande. Kwenye gitaa la shingo ya skrubu nne: legeza nyuzi, legeza skrubu nusu mzunguko, isukume shingo kidogo, kaza. Watu wanaacha magitaa mazuri kwa kasoro hiyo.

Umeme: gonga kila pikapu kwa bisibisi kwa upole huku ukibadili swichi, ujue ipi iko hai. Kitasa kinachokwaruza kinahitaji dawa ya kusafishia viunganishi tu. Sauti inayokatika ukitikisa kebo ni jeki, kitu rahisi kuliko vyote kwenye gitaa, na ni sababu nzuri ya kuomba bei ipungue.

Feki: Gibson halisi, kile kifuniko kidogo cha kichwani kinachofunika trasi kwa kawaida kina skrubu 2. Ukikuta 3 na jina la Gibson juu, shuku. Skrubu 2 hazithibitishi kwamba ni halisi, lakini 3 mara nyingi ni dalili ya feki. Na Gibson mpya kwa bei ya Epiphone, chapa yao ya bei nafuu, haipo popote duniani.

---

KwayaKuu

Nashukuru. Swali langu: kanisani kwetu hakuna ampu ya gitaa. Tunachomeka moja kwa moja kwenye miksa. Magitaa mawili tofauti, Squier na Ibanez, yote yanatoka mazito yasiyo na uhai, na ukiwasha pedali ya distoshoni inakuwa kama nyuki kwenye kopo. Je, tubadilishe pikapu?

---

WayaNaOmu

KwayaKuu, pikapu hazina kosa. Msitumie hata shilingi huko.

Pikapu ya gitaa ni waya mrefu mwembamba sana wenye ukinzani mkubwa, na inataka kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani wa kuanzia megaomu 1. Tundu la laini kwenye miksa huwa na kiloomu 10 au karibu na hapo. Pikapu inazidiwa na mzigo, na kinachopotea kwanza ni makali ya juu. Ndiyo maana magitaa mawili tofauti yanawatokea sawa.

Dawa: DI aktivu (kisanduku cha kuunganishia gitaa na miksa), inayotumia betri ya volti 9 au umeme wa fantomu wa volti 48 kutoka kwenye miksa. Gitaa liingie DI, DI itoke kwa kebo ya XLR hadi tundu la maikrofoni. DI pasivu nayo hufaa, mradi kati ya gitaa na DI pawe na pedali yoyote yenye bafa (saketi inayobeba mzigo badala ya pikapu) inayowaka muda wote. Miksa nyingine zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z kwenye chaneli moja. Kama yenu inacho, tatizo la kwanza limekwisha bila kununua kitu.

Hao nyuki ni jambo jingine. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi karibu chochote juu ya kilohezi 5, na distoshoni imezoeleka kusikika kupitia spika hiyo. Spika za kanisa zinafika kilohezi 15 na zaidi, kwa hiyo zinatoa ule mkwaruzo wote ambao ampu ingeuzima. Mnahitaji kifaa chenye kuiga kabati la spika, kama pedali ya multi ya bei ya chini. Hakikisheni tu kuwa kuiga huko kumewashwa kwenye soketi mnayotumia. Kwa haraka, kateni juu ya kilohezi 5 kwenye chaneli hiyo ya miksa. Si kamili lakini inasikilizika.

Naongeza la usalama, na naomba lisipuuzwe. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na athi (waya wa ardhini) kupitia daraja, kebo na ampu. Soketi yenye athi iliyokatika, au plagi iliyovunjwa pini ya athi, inaweza kuweka umeme kwenye nyuzi. Mwimbaji mwenye gitaa mkononi akigusa maikrofoni kwa midomo, mwili wake unakuwa njia. Kabla ya ibada weka mita kwenye volti za AC, kidole kimoja cha mita kwenye uzi wa gitaa, kingine kwenye wavu wa maikrofoni. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha makumi ya volti, zima, ita fundi umeme. Wala msimkubalie anayekata pini ya athi "ili muungurumo uishe".

---

KwayaKuu

Tuna DI pasivu stoo, nitaiunganisha na pedali leo. Muungurumo nao upo, lakini ukishika nyuzi unapungua. Ni hatari?

---

WayaNaOmu

Kupungua ukishika nyuzi ni kawaida: mwili wako unanasa umeme wa hewani kama antena, ukigusa nyuzi unaunganishwa na athi ya gitaa. Ukiongezeka ukishika, hapo kuna waya uliogeuzwa kwenye jeki au athi iliyokatika.

Muungurumo uliobaki kwenye koili moja ni wa umeme wetu wa hezi 50 na vizidishio vyake. Sogea mita mbili kutoka kwenye ampu na taa za mirija, kisha geuka robo duara. Kuna pembe ambayo unashuka sana. Kwenye gitaa la pikapu tatu jaribu hatua ya 2 na ya 4 za swichi. Kama pikapu ya kati imezungushwa kinyume, hatua hizo mbili zinanyamaza kama hambaka. Huo ni mtihani mzuri wa dukani pia. Na pedali zisitumie chaja ya simu iliyobadilishwa waya: nyingi zinataka volti 9 za DC zenye hasi katikati, ukigeuza unaweza kuiua.

---

JiweZito (Nairobi)

Metali na rock mmezipitia juu juu. Kwetu Nairobi kuna vijana wengi wa rock na wanauziwa Strat (umbo la Stratocaster) ya pikapu tatu za koili moja, halafu wanashangaa gitaa linapiga kelele wakiongeza geini.

Tafuteni hambaka mbili na daraja lisilotembea. Ibanez GRG121DX iko hivyo: HH, freti 24, skeli 648, shingo nyembamba. Epiphone Les Paul ni nene na tamu kwa rock ya kawaida na bluzi, lakini skeli yake ya 628 inalegea mkishusha tyuni. Drop D (uzi wa sita ukishushwa hadi D) inabeba vizuri. Mkishuka hadi Drop C (nyuzi zote toni moja chini ya Drop D) kwa skeli hiyo na nyuzi za 0.010 hadi 0.046, uzi wa sita unapiga makofi kwenye freti na unapanda tyuni kila mnapougonga. Wekeni seti ya 0.011 hadi 0.054 au karibu na hapo. Nyuzi nene zitakwama kwenye mifereji ya nati iliyokatwa kwa nyembamba. Zikitoa mlio wa "tik" mnapotyuni ndiyo dalili. Mfereji upanuliwe, na risasi ya penseli ipakwe ndani.

Nyuzi zikibadilika unene, trasi na oktava zinasetiwa upya. Gitaa linaloitwa "bovu" baada ya kubadilishwa nyuzi mara nyingi linahitaji hicho tu.

Anayenunua ampu kutoka Marekani aangalie nyuma: imeandikwa volti 120. Ikichomekwa kwenye soketi yetu ya 240 bila transfoma ya kushusha, inaungua dakika hiyo hiyo.

---

Mtikisiko

Na reggae? Bajeti yangu ni ndogo kuliko zote hapa, na nataka kujua nigawe vipi kati ya gitaa na ampu.

---

NyuziSita

Reggae ndiyo inayodai kidogo zaidi. Gitaa lolote lenye koili moja shingoni au katikati, toni ishushwe hadi 5 au 6, kiganja cha kulia kiguse nyuzi karibu na daraja, na mkono wa kushoto ulegeze akodi mara tu inapotoka. Ukataji wa sauti ndio muziki wenyewe. Squier Sonic Stratocaster inatosha kabisa, na ukipata ile ya HT, isiyo na tremolo, bora zaidi. Ukiwa na yenye tremolo, fungua kifuniko cha nyuma, ongeza springi hadi zifike 5, kaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja lilale kwenye mbao. Tyuni itatulia.

Mgawanyo wangu: katika kila shilingi 100, gitaa 50 hadi 55, ampu 30, zinazobaki ni kebo nzuri, seti mbili za nyuzi, mkanda na fundi wa kuseti. Watu wanamaliza 95 kwenye gitaa halafu wanalisikiliza kwenye redio ya chumbani. Kwa mazoezi ya nyumbani wati 10 hadi 20 zinazidi. Kwa bendi yenye ngoma na sauti safi isiyopasuka, anza na ampu ya transista ya wati 40 hadi 60 na spika ya inchi 12. Sauti safi ndiyo inayokula wati, distoshoni haili.

---

BintiPemba (Ujerumani)

Kwa wenye ndugu Ulaya: Harley Benton, chapa ya duka la Thomann la hapa Ujerumani, wana magitaa ya umbo la Tele na Strat kwa bei iliyo chini ya Squier. Kasoro hazitabiriki, hasa ncha za freti na nati iliyokatwa juu juu, kwa hiyo hesabuni pesa ya fundi ndani ya bei.

Msilitume kwa kifurushi kabla ya kupiga hesabu ya forodha: ushuru unapigwa kwenye bei pamoja na usafiri, kisha VAT juu yake, asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya. Msafiri anaweza kulibeba kwenye sanduku. Shingo ya skrubu nne inafunguliwa: legeza nyuzi zote kabisa, zifunge pamoja kwa utepe, toa skrubu, na shingo inabaki chini ya sentimita 70. Ifunge kwa nguo, isilale chini ya uzito. Skrubu na kile kibati chake weka kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kama kuna karatasi nyembamba kwenye shimo la shingo irudishwe ilivyokuwa, ndiyo inayoshika pembe ya shingo.

---

FundiFreti

Vizuri sana BintiPemba, hiyo karatasi wengi wanaitupa halafu wanakuja na nyuzi zilizokaa juu.

Naweka utaratibu wa kuseti, kwa sababu kila hatua inaharibu iliyo mbele yake ukiruka. Nyuzi mpya za unene utakaotumia, tyuni. Kisha trasi: kufuata saa inanyoosha shingo, kinyume inailegeza, robo mzunguko, tyuni tena, pima. Funguo iingie sawasawa; ikilegalega itakula pembe za nati ya trasi na hapo huna gitaa. Kisha kimo: freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, milimita 1.6 uzi wa kwanza, 2.0 uzi wa sita. Anayepiga kwa nguvu aongeze 0.3. Kisha nati: bonyeza freti ya 3, uwazi juu ya freti ya kwanza uwe mwembamba kama karatasi. Ukiwa mkubwa, akodi za freti za mwanzo zinatoka juu ya tyuni hata ukityuni vipi, na wengi wanalaumu funguo za kichwani.

Oktava: linganisha hamoniki ya freti ya 12 na noti iliyobonyezwa hapo hapo. Noti ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Mwisho pikapu: bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 2.5. Koili moja ikikaribia mno, sumaku inavuta uzi na noti za juu zinayumba, oktava haipatikani hata ufanyeje.

---

Mtikisiko

Niko Tanga. Nyuzi zinashika kutu ndani ya wiki mbili, na skrubu ndogo za vikalio zimeganda, hazizunguki. Nitasetije?

---

FundiFreti

Usilazimishe, kichwa cha skrubu kitaliwa. Toa nyuzi. Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya cherehani, gusisha kwenye kila skrubu juu na chini ya kikalio, acha usiku mzima. Kesho yake weka funguo ya Allen inayoingia bila kucheza, jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kisha legeza. Kutu inavunjika kwa kwenda na kurudi. Isiposogea, pasha ncha ya chuma cha kulehemu, gusa kichwa cha skrubu kwa sekunde kumi, iache ipoe, rudia mafuta. Ikikataa kabisa, kikalio kimoja kinabadilishwa chenyewe. Pima kwanza upana kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale kwenye daraja, milimita 52.5 au 56, maana vikalio vya kimoja haviingii kwenye kingine.

Kwa nyuzi: kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini ya kila uzi, kila unapomaliza kupiga. Chumvi ya jasho ndiyo inayoanza, hewa ya bahari inamalizia. Gitaa lilale kwenye begi na vipakiti vitatu vya silika, uvibadilishe vikishajaa unyevu. Nyuzi zilizopakwa utando ni ghali zaidi lakini kwa Tanga, Mombasa na Unguja zinajilipa. Na usilitundike kwenye ukuta unaotazama dirisha la upepo.